Baba alizikwa bila tarumbeta, na hadi leo hatusemi alikufa na nini

Swali

Shikamoo mzee. Naishi Mbeya mjini, kwetu ni Rungwe, na sisi ni Wamoravian. Baba yangu alifariki Februari 2021. Alianza na mafua, ikaja homa, siku ya sita pumzi ikawa ya shida, tukamkimbiza hospitali na hakurudi. Hakupimwa corona, ila wauguzi walituambia tujihadhari, na muda si mrefu mjomba na jirani yetu nao wakaondoka kwa namna ileile. Kanisani ilitangazwa kuwa amefariki kwa "maradhi ya muda mfupi". Alizikwa siku hiyohiyo, watu wachache, hakuna aliyelala msibani, wala tarumbeta halikusikika. Naye ndiye aliyekuwa akipuliza tarumbeta kwenye misiba ya wenzake tangu mimi sijazaliwa.

Baadaye mama aliambiwa na wenzake kanisani kwamba mzee angekuwa na imani asingekufa, kwa kuwa taifa zima lilikuwa limeomba. Wengine wakanong'ona kuwa kuna mkono wa mtu, wakamtaja shangazi. Mama ameacha kabisa kwenda kwenye vikundi vya kanisani. Sasa mchungaji mpya ameniomba niseme maneno machache makaburini, kwenye ibada ya alfajiri ya Pasaka, kwa niaba ya familia zote zilizofiwa kipindi kile. Niseme nini? Nitaje ugonjwa? Na kuna watu wanaotaka kuleta rambirambi sasa, baada ya miaka yote hii. Mama apokee?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Pole sana na msiba. Nakupa pole kama ya msiba wa jana, kwa kuwa nilivyousoma ujumbe wako, msiba huo haujaisha. Ulikatishwa.

Kazi yangu ni kukaa na wafiwa na kuwafundisha viongozi wa dini namna ya kukaa nao, na huku nyanda za juu, kuanzia Iringa hadi Kyela, habari kama yako si ngeni. Ndiyo maana nitakujibu kwa urefu. Mchungaji wako amekupa nafasi ambayo familia nyingi hazijaipata, na ingekuwa hasara ukaimaliza kwa kusoma mistari miwili na kushukuru kamati.

Penye msiba watu huuliza maswali mawili. La kwanza ni la mwili: amekufa na nini? La pili ni la roho: kwa nini Mungu ameruhusu? La kwanza huwa na jibu, hata kama ni nusu jibu. La pili halina jibu ambalo binadamu anaweza kumpa mwenzake huku jeneza likiwa mbele yao. Mwaka ule nyumba zetu za ibada, na sisemi zote, zililifungia mlango swali la kwanza na kulijibu la pili haraka haraka. Mama yako alikuwa anataka kujua mume wake amekufa na nini. Akaelezwa kwa nini Mungu hakumponya. Maumivu mengi uliyoniandikia yanatoka hapo.

Nikukumbushe hali ilivyokuwa, maana watu wameanza kusahau. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na kesho yake shule zikafungwa. Nyumba za ibada ziliachwa wazi, na Aprili 17 hadi 19 zikawa siku tatu za maombi ya kitaifa. Mwisho wa mwezi huohuo takwimu za wagonjwa wapya zikaacha kutolewa. Hesabu ikabaki wagonjwa 509 na vifo 21, na ikakaa hapohapo kwa zaidi ya mwaka. Lilipokuja wimbi la mwanzoni mwa 2021, kwa hiyo, watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa ambao hadharani haupo. Ndipo tukajifunza msemo wa "changamoto ya upumuaji". Februari 17, 2021 alipofariki Maalim Seif Sharif Hamad, ilijulikana kuwa alikuwa na corona kwa sababu chama chake kilikuwa kimekwisha kusema. Wengi hawakuwa na wa kuwasemea. Mwanzoni mwa Machi, Baraza la Maaskofu Katoliki likaeleza kupitia katibu wake, Padri Charles Kitima, kwamba mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili. Chanjo zilizinduliwa Julai 28, 2021, baba yako akiwa kaburini tayari.

Hiyo ndiyo sababu tangazo la ushirika wenu lilisema "maradhi ya muda mfupi". Sidhani kama katibu alikuwa na nia mbaya. Alitumia maneno yaliyokuwa salama wakati ule. Lakini maneno yaliyokuwa salama kwa msomaji wa matangazo yaliiacha familia yako peke yake.

Sasa hilo la imani. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndilo lililomtoa mama yako kanisani.

Anayemwambia mjane kwamba mumewe alipungukiwa imani mara nyingi hamfikirii marehemu hata kidogo. Anajifikiria yeye. Kama mzee alikufa kwa kukosa imani, basi mimi mwenye imani nitapona. Nimejipatia kinga bila barakoa wala sindano. Ni hofu iliyovaa joho la ushauri. Nakwambia hili si ili uwadharau wale akina mama, bali ili ukikutana nao uone kwamba nao walikuwa wanatetemeka.

Na maneno yao hayana msingi hata katika Biblia wanayoishika. Paulo, ambaye leso zake ziliponya wagonjwa Efeso, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Epafrodito aliugua karibu na kufa akiwa katika kazi ya Injili. Timotheo alikuwa na tumbo la kusumbua, na alichopewa ni ushauri wa kitabibu, hakukemewa. Yesu alipoulizwa habari za waliokufa vibaya aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko majirani zao. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa, na ushauri alioandika kipindi hicho ulikuwa huu: omba, kisha tumia dawa, fukiza nyumba, na usiende mahali ambapo huna kazi ya kufanya. Hakuona ugomvi wowote kati ya sala na tahadhari. Wale mapadri na masista nao, ukisema walikosa imani, basi sijui utampata wapi mwenye nayo.

Kwa kuwa barua hizi husomwa na Waislamu pia, niongeze hapa. Katika tauni ya Amwas, huko Shamu (upande wa Syria na Palestina ya leo), mnamo mwaka wa 18 Hijria, walikufa Abu Ubaida bin al-Jarrah na Muadh bin Jabal, Maswahaba ambao hakuna anayethubutu kuipima imani yao. Abu Ubaida ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda huko. Alipopata habari ya tauni akageuza msafara. Akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, akajibu kwamba wanakimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Na Mtume amefundisha kuwa aliyekufa kwa tauni huhesabiwa shahidi. Sheikh akiyasema haya msibani, hakuna jirani atakayepata nafasi ya kuuliza marehemu alikuwa anaswali swala ngapi.

Kuna maneno mengine ambayo hayana ubaya wa "imani haba" lakini nayo hufunga mdomo. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Sisi tulimpenda, Mungu amempenda zaidi." "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Mimi siyakatai, nina sharti moja tu: aseme mfiwa. Maneno ya "Bwana alitoa" yalisemwa na Ayubu, juu ya watoto wake mwenyewe. Hayakusemwa na mgeni aliyefika na kilo mbili za sukari. Tena huyohuyo Ayubu sura ya tatu anailaani siku aliyozaliwa, na sijawahi kuisikia sura ya tatu ikisomwa kwenye msiba wowote. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vema kabisa. Waliharibu walipoanza kueleza. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia waliokuwa wakimtetea, na kumkubali aliyekuwa akilalamika. Mchungaji wako akitafuta somo la kuhubiri siku hiyo, mwambie lipo hapo.

Huku kwetu, binti yangu, tulishawahi kupita njia hii, na hilo ndilo linaloniudhi. Kwa miaka mingi UKIMWI uliua watu nyanda za juu kusini, na hadi leo mikoa yetu ndiyo inayoongoza kwa maambukizi nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Matangazo ya misiba ya miaka ile unayakumbuka: "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Vijana walizikwa na wazee wao huku sababu ikinong'onwa nyuma ya turubai, na wajane wakafukuzwa kwenye nyumba zao kwa tuhuma za kuroga. Mambo yalianza kulegea dawa za bure zilipopatikana, na pale baadhi ya wachungaji, mapadri na masheikh walipokubali kuutaja ugonjwa madhabahuni na mimbarini. Somo tulikuwa nalo mkononi. Tukabadilisha "muda mrefu" kuwa "muda mfupi", tukarudia yaleyale.

Ndiyo maana shangazi yako ametajwa. Sababu ya kweli ikinyimwa nafasi, sababu nyingine hukaa kwenye kiti chake. Vifo vitatu vilivyofuatana, vya ndugu na jirani, bila maelezo, Rungwe? Mtu anayetaka kuona mkono wa mtu hatakosa kuuona. Lakini vina maelezo ya kawaida tu. Februari kwenu ni mvua, baridi na ukungu. Watu hujibana ndani, madirisha yamefungwa, wanamuuguza mgonjwa kwenye chumba kimoja. Virusi vinavyosafiri kwa pumzi havihitaji mchawi.

Kwa hiyo swali lako: nitaje ugonjwa? Ndiyo, ila kwa kipimo cha unachokijua. Hakupimwa, usiseme alipimwa. Sema ulichokiona na wakati kilipotokea, watu watajumlisha wenyewe. Na kabla hujasimama, mama yako awe amekubali. Habari ya ugonjwa wa mtu ni mali yake, na akishakufa ni mali ya walio karibu naye zaidi. Wewe ni mtoto, yeye ni mke. Akikataa, heshimu, na uzungumzie msiba bila kutaja kilichomuua. Nadhani lakini atakubali ukimwuliza vizuri. Usimwulize "nitaje corona?" Mwulize: "Mama, ungependa watu wajue nini kuhusu zile siku za mwisho?" Kisha nyamaza, hata kama ukimya utakuwa mrefu. Pengine hajaulizwa na mtu yeyote.

Familia nyingine utakazozisemea nazo utazipitia moja moja, na daftari. Jina kamili la marehemu, siku aliyofariki, na kama wanaridhia ugonjwa utajwe. Wapo watakaosema jina tu litoshe. Basi jina tu.

Maneno yenyewe hayahitaji kuwa mengi. Nakuandikia mfano, uubadilishe uwe wa kwako, na ukiweza useme Kinyakyusa, maana wazee watalia kwa lugha yao:

"Baba yetu alianza na mafua. Siku ya sita pumzi ilimwishia. Hakupimwa, sina karatasi ya kuwaonyesha, lakini ni wakati ule corona ilipokuwa inapita hapa, na alivyougua ndivyo walivyougua wagonjwa wake. Hakurogwa. Hakukosa imani, ninyi mlimsikia akiomba, na wengi wenu aliwapulizia tarumbeta mlipozika wenu. Tulimzika haraka kwa sababu tuliogopa, na nadhani ninyi pia mliogopa. Hatukulia pamoja. Wapo wengine waliozikwa hivyohivyo. Nitawataja majina, mmoja mmoja, kisha naomba tunyamaze kidogo."

Hapo kuna mambo mawili nimeyaweka makusudi. "Hakurogwa" imesemwa bila kumtaja shangazi. Ukimtaja kumsafisha, umewapa habari hata wale waliokuwa hawajaisikia. Shangazi msafishe kwa kumkalisha. Mpigie kabla, mwambie aje, akae mstari wa kwanza, bega kwa bega na mama yako. Kwetu watu husoma viti kuliko wanavyosikiliza hotuba. Jambo la pili ni "tuliogopa". Umejiweka na wewe ndani, kwa hiyo wale akina mama hawatajisikia wamepandishwa kizimbani siku ya Pasaka. Wakija baadaye kuomba radhi, vizuri. Wasipokuja, usiwatafute.

Ukimya baada ya majina uache uwe ukimya kweli. Mwambie mwalimu wa kwaya asiujaze na wimbo. Watu wetu wakikosa sauti kidogo tu huanza pambio.

Kisha tarumbeta. Ibada yenu ya alfajiri ina jambo ambalo makanisa mengine yangetamani kuwa nalo: Wamoravian mnalipokea jua la Pasaka makaburini, na liturujia ina mahali pa kuwakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita. Jina la baba yako lilipaswa kukumbukwa Aprili 4, 2021. Nashangaa kama lilikumbukwa, maana wiki ile nchi nzima ilikuwa imetoka kumzika Rais Magufuli, Machi 26, na misiba midogo ilimezwa na mkubwa. Muombe mchungaji liingizwe sasa, pamoja na ya wenzake, katika mahali hapohapo pa liturujia, wala si kwenye matangazo. Na waombe wapuliza tarumbeta, hasa waliopuliza naye, wasimame kwenye kaburi lake wapige kile ambacho wangepiga siku ya maziko. Usiogope kwamba ni kuzika mara mbili. Hakuna desturi ya kwetu wala ya kanisa inayosema kilio kina tarehe ya mwisho. Misa za arobaini, ibada za shukrani, kuweka msalaba, kujengea kaburi, yote hayo tunayafanya baadaye, na mengine baada ya miaka. Waislamu nao wana swala ya ghaibu kwa aliyezikwa mbali bila kuswaliwa, ingawa wanazuoni wanatofautiana juu ya masharti yake, na dua kwa maiti haina wakati.

Utaulizwa tu, na hasa na vijana: je, ilikuwa lazima azikwe vile? Jibu la ukweli ni kwamba sehemu kubwa haikuwa lazima. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi Machi 2020 ukieleza kuwa maiti ya mwenye corona kwa ujumla si chanzo cha maambukizi kama ilivyo ya Ebola, Marburg au kipindupindu. Aliyekufa hapumui, hakohoi. Familia iliweza kumwona, bila kumgusa wala kumbusu, na kunawa mikono. Hatari ilikuwa kwetu sisi tuliobaki hai, kubanana ndani na kuimba kwa sauti. Ingetosha kuzika mchana, uwanjani, watu wakiwa wachache na wameachana nafasi, na tarumbeta likapigwa kutoka mbali. Lakini sisi tulikuwa tumeona picha za maziko ya usiku zilizosambaa kwenye simu tangu 2020, tukadhani ndiyo kanuni. Usiwalaumu waliozika, hakuna aliyewaeleza.

Kuna magonjwa ambayo maiti yenyewe ni hatari kweli, na nalitaja kwa sababu yapo jirani. Marburg ilitokea Kagera Machi 2023, ikarudi Januari 2025. Kongo ile ya mashariki, Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200, na timu za maziko zilishambuliwa kwa mawe kwa sababu zilifika na mavazi ya ajabu na kuondoka na mwili bila neno. Barabara yetu inapita Tunduma na Kasumulu, malori hayalali. Ikitokea, familia haitaosha maiti, na hilo halina mjadala. Mjadala upo kwenye yaliyobaki, nayo ni mengi: kuomba au kuswali kwa umbali, mwakilishi wa familia kushuhudia mwanzo hadi mwisho, jina kuandikwa kwenye kaburi, familia kuchagua mahali, na kwa Waislamu kutayamamu, yaani kutwaharisha kwa vumbi safi, badala ya kuosha. Hayo yaliingizwa kwenye mwongozo wa maziko ya Ebola wa Shirika la Afya Duniani, Novemba 2014, wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi, baada ya viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu kuketi na wataalamu. Wazee wa ushirika wenu wangeweza kukaa na mganga mfawidhi wa kituo chenu cha afya, na imamu wa msikiti jirani, wakakubaliana sasa, kabla msiba haujatokea. Jioni moja inatosha. Mngekuwa mbele ya wengi.

Hukusema kama una watoto. Kama unao na wanamwuliza babu, waambie amekufa. Usiseme amesafiri, watamsubiri. Usiseme amelala, wataogopa kulala. Waende nawe makaburini.

Kuhusu mama, nisikilize kwa makini. Huzuni si ugonjwa, na kuacha kwenda kwenye vikundi baada ya kutukanwa si ugonjwa pia, ni akili. Asilazimishwe kurudi. Aanze na mtu mmoja anayemwamini, aje nyumbani kunywa chai tu, bila Biblia mkononi. Lakini kama hapati usingizi, hali chakula, amekonda, anaongea kila siku kana kwamba mzee amekufa jana, au anasema anatamani kumfuata, hiyo imevuka mipaka. Wataalamu huanza kuliangalia jambo hilo baada ya miezi sita, na kwenu imepita miaka. Mpeleke hospitali ya wilaya, ulizia huduma ya afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Usisubiri Pasaka. Na asiseme mtu kwamba hilo nalo ni upungufu wa imani, maana Nabii Eliya aliomba afe chini ya mretemu, na malaika alipokuja hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Imebaki rambirambi. Mama apokee. Wanaoleta leo ni wale walioshindwa kuja siku ile, na wamebeba deni moyoni kwa miaka. Akikataa watabaki nalo. Asipokee kimyakimya mlangoni lakini. Ukitoka makaburini, tandikeni mikeka nyumbani kwenu Rungwe, watu waje kuhani kama inavyohaniwa, mmoja wa vijana ashike daftari aandike jina na kiasi, awe ameleta elfu mbili au debe la mahindi. Kama yupo mwenye kuuliza itatumika kwa nini wakati maziko yalishafanyika, mwambieni kaburi halijajengewa. Na ikiwa mmoja wa wale waliosema neno baya ataleta bahasha, aandikwe kwenye ukurasa uleule na wenzake.